Wajukuu Kumi na Wanne wa Hajja Wagida

Mwalimu Bahgat alikuwa na kila kitu nyumbani kwake isipokuwa mahali pa kulala.

Nyumba yenyewe ilikuwa Shubra, mtaa uliobanana katikati ya mji, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, kodi ya pango ile ya zamani ambayo baba yake aliiandikia mkataba na ambayo siku hizi hainunui hata kilo ya nyanya. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mama yake, Hajja Wagida, na masanduku ya marehemu mumewe, ambayo ni marufuku kuyagusa na marufuku kuuliza yana nini. Chumba cha pili walilala mkewe, Inshirah, na binti yao Radwa. Vijana wawili wa kiume walilala roshani, iliyozibwa kwa alumini ikageuka chumba, baridi wakati wa baridi na tanuri wakati wa joto. Bahgat mwenyewe, baba mwenye nyumba, mwalimu wa fizikia wa miaka mingi, alilala kwenye kochi la sebuleni, chini ya ubao.

Maana sebule hiyo hiyo ndiyo ilikuwa darasa. Mchana akitoka shule anapiga sahani ya ful, maharage ya kupondwa, anafuta ubao, na wanafunzi wa tuisheni wanaingia: kumi na wanne, wote wa mwaka wa mwisho, ule wa mtihani unaoamua kama mtu atakuwa daktari au atakuwa dereva. Wanakaa kwenye kochi, kwenye mikono ya kochi, chini, mlangoni mwa jiko. Wanatafuna mbegu za alizeti. Usiku Bahgat akijilaza, maganda ya mbegu yanamwingia sikioni, na chaki inamdondokea usoni. Asubuhi anakwenda shule na nusu ya kanuni ya mwendo imejichapa shingoni.

Angevumilia mpaka kufa, jamaa alikuwa mvumilivu. Ila Inshirah alikuwa na dada, na dada yake, Ibtisam, alikuwa amehamia kule jangwani nje ya mji, kwenye ile mitaa mipya ya ukuta na geti. Kila Ijumaa Ibtisam anapiga simu ya video, halafu haonyeshi uso wake. Anaonyesha roshani.

"Inshi, angalia. Sikiliza. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo! Ukimya! Nimeununua!"

Na wakati huo huo Inshirah kasimama roshani yake ya Shubra, nguo za jirani wa juu zinamdondoshea maji kichwani, chini muuza gesi anagonga mitungi, na vijana wake wanagombania soketi. Siku moja alikata simu, akaingia chumbani, akatoka na bangili zake. Dhahabu yote ya harusi. Akaziweka mbele ya Bahgat, juu ya madaftari ya wanafunzi.

"Nenda kaweke arbuni ya nyumba," alisema.

"Inshirah, hizi ni..."

"Najua ni nini, nilizivaa mimi. Kila mtu chumba chake, Bahgat. Na wewe kitanda. Nimechoka kulala na mume ng'ambo ya ukuta."

Bangili zikauzwa, arbuni ikatolewa kwa nyumba ya vyumba vitano huko huko kwa Ibtisam, na mwenye kuuza akasema neno moja tu: pesa iliyobaki iwe imefika kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Isipofika, nyumba inauzwa kwa mwingine, na arbuni hairudi. Bangili zimekwenda.

Bahgat akakimbilia benki. Mama mmoja wa mikopo, mpole, mwenye miwani ya mnyororo, akauangalia mshahara wa mwalimu kama mtu anavyoangalia kitoto cha paka barabarani.

"Hiki ndicho kipato chako chote, Ustadh?"

Bahgat akainama mezani. "Nina tuisheni," alinong'ona. "Na ni nyingi, alhamdulillahi."

"Basi hakuna shida. Tunaihesabu, ila lazima tuhakikishe. Tutatuma mtu wetu aje mtaani kwako aulize majirani. Wanakujua?"

Bahgat alicheka mpaka mlinzi akageuka. "Mtaa mzima! Muulizeni yeyote!"

Akarudi nyumbani mabega yamepanda. Alitaka kuanzia mkahawani, awaambie jamaa, jamani akija mtu wa benki msemeni vizuri. Lakini Inshirah alimsubiri mlangoni, akamvuta ndani, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Umemwambia mtu?"

"Bado, nilikuwa nataka..."

"Usithubutu! Ukimwambia mmoja umeuambia mtaa, na ukiuambia mtaa umeliita jicho la husuda. Umesahau friji la Mama Sabri? Alilitangaza kabla halijafika. Likafika ghorofa ya pili, kamba ikakatika, likarudi chini peke yake."

"Lile lilianguka kwa sababu kamba..."

"Kwa sababu ya jicho! Mpaka ufunguo uwe mkononi, hakuna anayejua. Hata mama yako. Mama yako hasa. Mama yako akijua kitu hahitaji simu, ana dirisha."

Bahgat, mtu wa fizikia, mtu wa sababu na matokeo, akaenda kuhakikisha dirisha limefungwa vizuri. Hata yeye hakupenda kucheza na jicho. Inshirah akatia ushanga wa buluu, wa kukinga jicho, ndani ya bahasha ya mkataba, kwa usalama zaidi, na mtaa ukaendelea na shughuli zake bila kujua kitu.

Sasa kosa lilikuwa hapo.

Mtu wa benki akaja siku ya Jumanne, mchana. Jina lake Nabih, kijana nadhifu, viatu vinang'aa, faili jeusi kwapani. Bahgat alikuwa ametoka kidogo kutoa nakala za maswali duka la mbali, lenye bei nafuu, kawaacha wanafunzi wamejaa sebuleni. Inshirah alikuwa kwa dada yake, anapima mapazia ya nyumba mpya.

Mlangoni mwa jengo alikaa bawabu, Zaher, Msaidi kutoka kusini, kilemba, sharubu, na kanuni moja ya maisha: mtu anayeleta heri huja na sanduku la vitamutamu, na mtu mwenye faili huja kuchukua. Alivyoliona lile faili linakunja kona, alikwishajua. Mtu wa kodi ya serikali. Wamegundua tuisheni za Mwalimu.

"Salaam aleikum. Mwalimu Bahgat anakaa hapa?"

"Bahgat yupi?"

"Wako wangapi?"

"Inategemea wewe ni nani."

Nabih akatabasamu. Kazi yake haimruhusu kusema katumwa na nani, kwa heshima ya mteja, ili mtaa usijue kwamba fulani anakopa. "Mimi ni mtu tu nauliza," alisema, na hapo ndipo alipojimaliza. "Nasikia anafundisha tuisheni."

"Nani? Bahgat?" Zaher alishika kifua. "Astaghfirullah. Yule akimwona mwanafunzi nje ya shule anavuka barabara."

"Lakini ana hali nzuri?"

"Hali gani, bwana mkubwa? Mtu mwenyewe ana figo moja."

"Ya pili iliugua?"

"Aliiuza."

Nabih akaandika. Zaher akamkalisha kwa nguvu kwenye benchi, akamshikisha gilasi ya chai ya moto isiyonyweka haraka, akampigia mluzi Fikri mpiga pasi aliyekuwa ng'ambo. Fikri, jicho moja halioni, la pili linaona hadi Aleksandria, akaelewa. Akavuka na pasi mkononi, inatoa moshi.

"Unamuulizia Bahgat? Masikini. Ana shati moja. Nampigia pasi bure, wallahi, kwa ajili ya Mungu. Na likiwa kwangu anasubiri hapo hapo nyuma ya mlango, kifua wazi, mpaka nimalize."

"Hata wakati wa baridi?"

"Wakati wa baridi namfunika shuka za wateja."

Wakati huo, kutoka ghorofa ya tatu, kapu la Hajja Wagida lilikuwa linateremka kwa kamba kuchukua mkate kwa Metwalli wa duka. Metwalli alikwishasikia. Akaweka mikate, akavuta kamba mara mbili kama mtu anayepiga kengele, akainua uso, akasema bila sauti, kwa midomo tu: kodi! Kapu likapanda juu kwa kasi ambayo mama wa umri ule hatakiwi kuwa nayo.

Kisha Metwalli akajipangusa mikono, akaja kutoa ushahidi wake bila kuitwa.

"Mimi namdai yule bwana. Namdai mpaka nimesahau. Jibini, mchele, sabuni. Watoto wake wakipita hapa nageuza uso nisiwaone wanavyoitazama halua."

Na huyo Metwalli, binti yake mwenyewe, Nermin, muda ule ule alikuwa amekaa juu kwenye sebule ya Bahgat, kwenye mkono wa kochi, anasoma fizikia.

Juu huko, Hajja Wagida alikwishakuwa jemadari.

"Vitabu chini ya makalio! Haraka! Kalamu mfukoni! Nyinyi wote kuanzia sasa ni wajukuu zangu. Atakayeniita Hajja badala ya bibi hamalizi mwaka!"

"Na ubao, Hajja?"

"Bibi!"

"Na ubao, bibi?"

Hakukuwa na wakati wa kuufuta. Mlango uligongwa. Hajja Wagida akajikunja mgongo, akazeeka miaka kumi kati ya kochi na mlango, akafungua.

Nabih akasimama kizingitini. Vijana kumi na wanne walimwangalia, kimya, wamekalia vitu vyenye pembe.

"Hawa ni akina nani, mama?"

"Wajukuu zangu."

"Wote?"

"Sema mashallah kwanza."

"Mashallah. Wote kumi na wanne?"

"Mwanangu hana kazi nyingine."

Nabih akawatazama tena. "Lakini mama, naona wote wana umri mmoja. Miaka kumi na saba hivi."

"Mwaka ule umeme ulikuwa unakatika sana," alisema Hajja Wagida.

Nyuma mmoja alikohoa, kikohozi kikafanana sana na kicheko. Nabih akamwelekea kijana wa karibu, mrefu, mwenye msalaba mdogo wa buluu umechorwa kifundoni mwa mkono, kama wanavyochorwa watoto wa Wakristo wa Kikopti.

"Wewe unaitwa nani?"

"Bishoy."

"Na huyu, mama, naye ni mjukuu?"

"Huyo kavuta upande wa mama yake," alisema Hajja bila kupepesa jicho.

Ikabaki ubao. Ulikuwa umejaa kutoka juu mpaka chini: mishale, sehemu, mizizi, herufi zenye namba mabegani.

"Na haya ni nini?"

Hajja Wagida alipumua pumzi ndefu, ya mama aliyeona mengi. "Mwanangu anapiga hesabu za madeni yake."

"Yote haya?"

"Na upande wa nyuma."

Nabih alikuwa mtu wa benki, lakini alikuwa na moyo. Aliandika huku machozi yanamlengalenga. Aliletewa chai, hakuthubutu kuinywa, akaogopa anamnyang'anya mjukuu mmoja sehemu yake. Alipoondoka, Hajja Wagida alikuta noti imefichwa chini ya kisahani.

"Mmeona?" aliwaambia wanafunzi, kaishika juu. "Mtu wa kodi ametoa sadaka! Haya, toeni vitabu."

Bahgat aliporudi na nakala zake alipokelewa kama bwana harusi. Zaher akamsimulia habari ya figo, Fikri habari ya shati, Metwalli habari ya halua, kila mmoja anamkata mwenzake kauli. Kodi! Kumbe angeweza kufungwa! Hata chembe ya wazo la benki haikumpitia, maana mtu wa benki kwenye kichwa chake alikuwa rafiki, na rafiki haji na faili. Akambusu mama yake kichwani. Akanunulia mtaa mzima soda, na Zaher sigara pakiti nzima.

"Nyinyi ni ndugu zangu," alisema, chupa ya soda juu. "Mtu akiwa na majirani kama nyinyi anataka nini tena?"

Wiki iliyofuata aliitwa benki. Akanyoa, akavaa tai. Yule mama wa miwani alisimama kumpokea, jambo la ajabu, akamvutia kiti kwa mikono yake.

"Kaa taratibu, Ustadh. Usijitoneshe. Unaendeleaje na figo?"

"Figo gani?"

"Iliyobaki."

Bahgat akahisi kitu kinateremka ndani yake, ghorofa moja moja, kama lile friji la Mama Sabri.

"Mkopo tumeshindwa, Ustadh. Tusamehe," mama yule aliendelea, kwa sauti ya msibani. "Mtu mwenye watoto kumi na wanne na shati moja... tuisheni hakuna, madeni yamejaa ukuta. Lakini ofisini tumechangishana kidogo." Akasukuma bahasha mezani. "Si kitu kikubwa. Ni kwa ajili ya halua ya watoto."

Sijui alirudije. Alishuka kwenye treni ya metro, akatokea mtaani kwao na ile tai imemzunguka mpaka mgongoni, akasimama katikati ya mkahawa.

"Nani kasema nimeuza figo?"

Zaher akainua mkono kwa fahari. "Mimi, Mwalimu. Tulishazungumza."

"Haikuwa kodi! Ilikuwa benki! Nilikuwa naomba mkopo! Nilikuwa nanunua nyumba! Nimeshatoa arbuni, bangili za mke wangu, Ramadhani ndiyo hiyo inakuja, na nyinyi mmenifanya ombaomba!"

Dhumna zikaacha kugongwa mezani. Juu, dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka, kichwa cha Hajja Wagida kikatokea.

"Unanunua nini?"

Bahgat akatazama juu. Akatamani ngamia amkanyage pale pale. "Nyumba, mama. Kule kwa Ibtisam."

"Unahama."

"Tunahama, mama. Sote. Una chumba chako huko."

"Na hukuniambia."

Fikri ndiye aliyejibu, polepole, huku anaiweka pasi yake chini.

"Aliogopa jicho. Ndiyo maana kaficha. Jicho la nani, Mwalimu? Langu? Mimi mwenyewe ninalo moja tu, na nalitumia kwenye kola za mashati yako. Mashati unayo kumi na mawili."

"Si hivyo, Fikri."

"Tungejua ni benki tungesema una vituo vya mafuta," alisema Zaher. Hakuwa na hasira. Ndiyo iliyouma zaidi. "Sisi tunasema kinachotakiwa. Ila mtu lazima atuambie kinachotakiwa ni nini."

Metwalli alikuwa bado kasimama na mzani mkononi. "Na Nermin? Mtihani ni mwezi wa sita. Ukienda huko jangwani, mimi nimpeleke kwa nani?"

Hapo Bahgat akasema lile neno. Hakulifikiria. Alikuwa amechoka, ana aibu, mama yake anamtazama kutoka juu, na machoni pake anaziona bangili zinabingirika kwenda kwa mtu asiyemjua.

"Nitakuja kufundisha. Hapa hapa. Kila siku. Nawaapieni."

Metwalli akamtazama Zaher, Zaher akamtazama Fikri.

"Basi mrudishe huyo kijana wa faili," alisema Metwalli.

Bahgat akaenda benki, akaapa, akavua koti kumwonyesha mama wa miwani kwamba mgongoni hakuna kovu, akairudisha ile bahasha, na baada ya siku chache za kubembeleza Nabih akatumwa tena. Safari hii Inshirah mwenyewe aliutangazia mtaa habari ya benki kwa sauti, huku kashika ushanga wa buluu mikono miwili.

Nabih hakuwahi kuona kitu kama kile. Zaher alimlaki njia panda.

"Nilisema ana figo moja? Ulimi uliteleza. Anazo zote na nyingine ya akiba."

Fikri alikuwa ametundika mashati ya Bahgat kwenye kamba, kutoka duka lake mpaka duka la Metwalli, kama bendera za sikukuu. Matatu yalikuwa ya wateja, lakini tuyaache hayo.

"Na deni?" Nabih alimuuliza Metwalli.

"Deni lipi? Yeye ndiye anayenidai."

Juu, Hajja Wagida alifungua mlango kabla haujagongwa, mgongo umenyooka kama fimbo ya pazia. Akamrudishia noti yake, imekunjwa vizuri. "Shika sadaka yako, mwanangu. Kawape wenye shida."

"Na wajukuu, mama?"

"Wamerudi kwao. Hawa ni wanafunzi."

Walikuwa wale wale. Safari hii vitabu viliwekwa magotini, na nyuma yao walisimama wazazi, wamebanana mpaka kwenye ngazi. Nabih akauliza mmoja mmoja kama analipa, na analipa kiasi gani. Wakajibu kama watu walio mnadani. Mama mmoja akitaja kiasi, wa nyuma yake anataja zaidi, asije akaonekana mtoto wake anasomeshwa kwa bei ndogo.

Akafikia mama wa Bishoy. Mjane, nguo nyeusi, mikono imeungua kwa sabuni za kufulia. Bahgat akainamisha kichwa. Mama huyu hakuwahi kulipa hata senti, na Bahgat hakuwahi kumdai, na katika miaka yote hawakuwahi kulizungumza.

"Nalipa kamili," alisema mama yule, kidevu juu. "Kila mwezi. Mapema."

Bishoy alitazama sakafu. Bahgat alitazama ubao, akaonekana anasoma kanuni ambayo aliiandika mwenyewe.

Nabih alipomaliza akafunga faili, akajikuna shingo. "Ustadh, swali moja la mwisho. Kipato hiki chote naona kinatoka hapa, kwenye kochi hili. Ukihama, si kitakufa?"

"Hakifi. Nitafundisha hapa hapa. Nimeapa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Na benki ikamwamini, ndiyo hatari ya benki. Mkopo ukatoka, kwa sharti kwamba tuisheni ziendelee mahali pale pale zilipokaguliwa. Pesa ikamfikia mwenye kuuza siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Inshirah alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akaanua nguo zake kwa heshima.

Siku ya kuhama, Hajja Wagida alikaa juu ya masanduku yake.

"Mimi siendi."

"Mama, chumba chako kina jua asubuhi!"

"Na hapa abaki nani? Mwenye jengo akiona dirisha limefungwa wiki mbili, ataichukua nyumba ya baba yako, na wewe utafundishia wapi, kwenye metro? Nendeni. Mimi nalinda benki yenu."

Wakaenda. Na nyumba ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Radwa akapata chumba. Vijana kila mmoja chumba chake, na soketi nne nne. Inshirah akapata chumba chenye kitanda kipana cha watu wawili, akalala katikati. Chumba cha tano kikawekwa viti vya dhahabu vya wageni, vikafunikwa nailoni, na ikawa marufuku mtu kuvikalia. Roshani ilikuwa kimya. Inshirah aliusikiliza ule ukimya wiki nzima, mikono mitupu juu ya reli, akampigia Ibtisam simu kumshukuru. Wiki ya pili alijaribu kuteremsha kapu, mlinzi akaja kumwambia kwamba kanuni za mtaa haziruhusu kamba. Wiki ya tatu alikuwa anampigia Metwalli kumuuliza bei ya jibini, ambayo hakukusudia kuinunua, na anamwomba asikate simu, aiache tu pale juu ya mzani.

Na Bahgat? Deni la benki lilikuwa kubwa, kwa hiyo akaongeza kundi la pili jioni, halafu la tatu. Alipomaliza, basi la kwenda jangwani lilikuwa limeshaondoka, na hata lisingeondoka, safari ya kwenda na kurudi ingemla usiku wote. Ikawa analala kule kule Shubra, kwenye kochi, chini ya ubao. Hajja Wagida alimfunika shuka, akamtoa maganda ya mbegu sikioni.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya kwenda nyumbani. Alinunua tikiti maji, akapanda basi, akapanda lingine, akashuka getini jua limemkalia utosini. Walinzi wa geti walibadilishwa kila mara. Ijumaa za mwanzo alijieleza: mimi ndiye mwenyewe, nyumba yangu, mkopo wangu. Wakaliangalia lile koti lake lenye chaki, wakapiga simu juu, Inshirah akawa hasikii kwa sababu anaongea na Metwalli. Siku hizi Bahgat hakuwa na nguvu za kujieleza.

Ijumaa hiyo alikuwepo kijana mgeni kabisa, kofia mpya.

"Unakwenda kwa nani, hajji?"

"Jengo la tisa. Kwa Mwalimu Bahgat."

"Yupo?"

Bahgat akanyanyua macho. Kule juu aliiona roshani, pazia alilopima Inshirah linapepea, na dirisha la chumba cha kulala liko wazi.

"Bado," alisema. "Lakini yuko njiani."

"Basi ngoja hapo pembeni, akifika mwenyewe nitakufungulia."

Bahgat akasogea pembeni, akaliweka tikiti lake chini kwenye kivuli, akakaa kumsubiri.